Karimi na Mabishano ya Ushirika wa Kithima

Kamati ya Ushirika wa Maziwa wa Kithima, upande wa Ruiri, ilimhoji Karimi kwa muda mfupi kuhusu ng'ombe na kwa muda mrefu kuhusu suruali. Ilikuwa mwaka wa 1996, na watu walikuwa bado wanaongea mambo ya Beijing, ule mkutano mkubwa wa wanawake uliofanyika mwaka uliotangulia. Shirika moja la wafadhili lilikuwa limeahidi kuupa ushirika pikipiki mbili mpya kwa sharti kwamba mmoja wa wapandishaji wake wa ng'ombe awe mwanamke. Wanakamati walizitaka pikipiki. Mwanamke walikuwa bado wanamfikiria.

Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka mabomani na mtungi wa mbegu za madume bora, kuvaa glavu ndefu inayofika begani, na kumpandisha ng'ombe bila dume kuonekana. Karimi alikuwa ameisomea kazi hiyo na cheti chake kilikuwa mezani. Lakini mzee mmoja alitaka kujua atapandaje pikipiki na rinda. Karimi akajibu kwamba atavaa suruali. Mwingine akauliza kama suruali hiyo itaingia nayo katika boma la mtu mwenye wakwe. Wa tatu akauliza habari za kanisa. Saa ya chakula ilikuwa inakaribia wakati meneja, Bwana Muthamia, mtu mpole aliyefunga tai hata siku ya joto, alipotoa uamuzi kwamba ovaroli si suruali, ovaroli ni nguo ya kazi. Wote wakashusha pumzi. Karimi akaajiriwa.

Alikuwa ametoka Gachoka, kule chini Mbeere, ambako mvua huja ikijisikia. Baba yake, Nthiga, alifuga mbuzi na ng'ombe wachache wa kienyeji, na watoto wake wote walikuwa wasichana. Watu walipomsikia Karimi akisimulia jinsi alivyochunga, alivyojenga ua wa miiba na kumzalisha mbuzi akiwa bado shule ya msingi, walidhani baba yake alikuwa mtu wa mawazo mapya. Karimi alikuwa akicheka. Nthiga hakuwa na mawazo mapya yoyote. Alikuwa na mbuzi, na alikuwa na mabinti.

Huko Kithima Karimi alikabidhiwa kwa Kiambi, mpandishaji wa miaka mingi, mtu mwembamba mwenye masharubu yaliyotunzwa vizuri, aliyejua jina la kila ng'ombe na la mama yake. Kiambi alimpokea kwa adabu na kumwambia wazi kwamba hakukubaliana na kuajiriwa kwake. Halafu akamwonyesha namna ya kuwasha pikipiki kukiwa na baridi ya asubuhi, kwa sababu ile mpya ilikuwa na ukaidi.

Boma la kwanza waliloliendea pamoja lilikuwa la Mzee Kathuri. Ng'ombe wake alikuwa amelia usiku kucha akitaka dume. Mzee aliuliza kama huyu msichana amekuja kumbebea Kiambi mkoba, na Kiambi akamjibu kwamba leo daktari ni Karimi. Mwenye mkoba ni Kiambi. Kathuri akatazama glavu, akatazama ng'ombe, akamtazama Karimi. Alieleza kwa upole kwamba hana ubaya na mtu, ila hili ni jambo ambalo mzee na msichana hawawezi kusimama wakilitazama pamoja. Mwishowe alimfunga ng'ombe mwenyewe, akageuka, akaielekea milima ya Nyambene, na akaongea juu ya mvua mpaka Karimi alipovua glavu. Hakugeuka hata mara moja. Ng'ombe alishika mimba, akazaa mtamba mwekundu, na Kathuri akampa ndama huyo jina la Beijing. Baada ya hapo alikuwa akisimama akitazama.

Wengi walimzoea hivyo hivyo, bila kutangaza. Waliokataa walikataa kwa visingizio, kwamba ng'ombe ana wasiwasi na wageni, au kwamba joto la kutaka dume limepita. Karimi alijifunza kutobishana na visingizio. Alikuwa akiwaambia tu kwamba kesho Kiambi atapita, akawasha pikipiki na kwenda kwa anayefuata. Akiwa peke yake barabarani, alikuwa akijibu yale yote aliyonyamazia, kwa Kimbeere na kwa sauti kubwa, na hakuna aliyemsikia kwa sababu ya injini.

Mwaka uliofuata wafadhili walileta semina. Ilifanyika katika ukumbi wa kanisa, na aliyeiongoza alikuwa mama mmoja mchangamfu kutoka Embu mjini, mwenye chaki za rangi. Alichora mstari katikati ya ubao, akawaomba wanaume waseme wanawake wanafaa kwa nini kazini, na wanawake waseme hivyo hivyo kuhusu wanaume. Wanaume walisema wanawake wana subira, hawaibi, na wana mikono midogo, ambayo kwa ng'ombe ni baraka. Wanawake, yaani makarani wa kupokea maziwa na mama wa usafi, walisema wanaume wana nguvu, hawaogopi mbwa, na hawakumbuki mahali walipoweka kitu. Ukumbi ulicheka. Bwana Muthamia alikuwa akiandika kila neno.

Karimi aliinua mkono, na kwa kuwa mkono wenyewe ndio ulikuwa hoja yake, akauacha juu. Alisema huu ni mkono wa baba yake, Nthiga wa Gachoka, na kama kuna mwenye mkono mdogo katika idara yao, basi apimwe Mzee Kiambi. Watu walipiga makofi wakitaka mikono ipimwe. Kiambi, ambaye hakuwa mtu wa kukimbia, alikuja mbele, wakawekeana viganja. Vidole vya Karimi vilipita vya Kiambi kwa urefu wa kucha nzima.

Kiambi alingoja kicheko kiishe. Alipenda mabishano, na alipenda yaende kwa utaratibu.

"Mimi sijasema Karimi hawezi," alisema. "Anaweza. Ninachokataa ni sharti. Kazi ingetangazwa, angeshinda, ningenyamaza. Lakini ameletwa na sharti, na siku akikosea, hawatasema Karimi amekosea. Watasema ni pikipiki ilimwajiri."

Maneno hayo yalimchoma Karimi kwa sababu yalikuwa na ukweli. Ndiyo mawazo aliyolala nayo usiku mwingi.

"Mzee Kiambi, wewe uliajiriwa vipi?"

Wenyeji wote walijua jibu. Kiambi aliyapapasa masharubu yake.

"Mjomba wangu alikuwa mwenyekiti," alisema. "Aliniita."

"Basi wewe uliajiriwa na mjomba, mimi nikaajiriwa na pikipiki. Sasa tuhesabiwe ndama."

Walicheka mpaka mama wa Embu akaweka chaki chini. Kiambi mwenyewe alicheka, akamwambia Karimi wakati wa chai kwamba amejibu vizuri lakini hajajibu hoja. Karimi akakubali kwamba hajaijibu. Walikunywa chai yao.

Hasara ya semina ilikuja wiki iliyofuata. Bwana Muthamia, akiwa amesoma upya yale aliyoandika, alibandika amri mlangoni: kuanzia sasa Karimi angehudumia maboma yanayoongozwa na wanawake, na Kiambi yale yanayoongozwa na wanaume. Aliona amewaheshimu wote. Karimi alijaribu kumweleza kwamba yeye si daktari wa wanawake, ni daktari wa ng'ombe, na ng'ombe wote ni wa kike. Meneja alitabasamu na kusema hebu tujaribu.

Walijaribu. Kwanza Karimi alikaa karibu bila kazi, kwa sababu wajane wa Kithima walikuwa wachache na ng'ombe wao wachache zaidi. Kiambi naye alikuwa akikimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Halafu likazuka swali ambalo meneja hakulifikiria. Veronicah, mama mmoja mwenye ng'ombe watatu wa gredi, wale wa maziwa mengi, na sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, alikuja ofisini kuuliza yeye yuko upande gani. Mume wake alifanya kazi Meru mjini na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Ng'ombe waliandikwa kwa jina la mume. Aliyewakatia nyasi, akawakamua, akajua nani anataka dume na nani anajisingizia, alikuwa yeye.

Bwana Muthamia alisema kwa uangalifu kwamba mkuu wa boma ni mzee.

"Basi ng'ombe akilia usiku nimpigie simu mzee Meru ndiyo yeye akuite?" Veronicah aliuliza.

Habari hiyo ilitembea. Ikawa kila anayefika ofisini anaulizwa nani mkuu wa nyumba yake, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba nyumba nyingi za Kithima zilikuwa na wakuu wawili, kutegemea umemwuliza nani. Mwanamume mmoja alijiandikisha asubuhi na mkewe akajiandikisha mchana. Wengine wawili walikosana kabisa, ikabidi mchungaji aitwe. Kabla mwezi haujaisha amri ilikuwa imebanduliwa mlangoni, na hakuna aliyeuliza nani ameibandua. Karimi na Kiambi wakagawana eneo kwa mto: upande huu na upande ule.

Mwaka huohuo Karimi aliolewa na Nyamu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mtulivu aliyependa kupika na asiyependa watu wajue. Wakanunua ng'ombe mmoja, wakawa wanachama wa ushirika kama watu wengine.

Halafu ikaja El Niño. Mvua ilianza kama mvua zote, ikasahau kuacha. Barabara za Kithima ziligeuka uji, madaraja mawili yakaenda na maji, na pikipiki ikawa kitu cha kusukuma kuliko cha kupanda. Asubuhi moja Kiambi alitereza akishuka kwenda mtoni, pikipiki ikamwangukia, na mguu ukavunjika chini ya goti. Walimbeba kwa kitanda mpaka barabara kuu. Hospitalini alifungwa plasta, akaambiwa arudi nyumbani akakae.

Alikaa miezi minne. Kamati ilimtumia ndizi, unga na mbuzi wa supu, na mshahara wake ulimfuata nyumbani bila kuchelewa. Karimi alibeba pande zote mbili za mto. Mahali pikipiki iliposhindwa aliiacha kwa mtu na kutembea, mtungi begani, gambuti zikivuta matope. Alirudi nyumbani akikuta Nyamu amepika na maji ya kuoga yamechemka, akala akisinzia. Ilikuwa miezi migumu, na baadaye aliikumbuka kama miezi mizuri, kwa maana kila mtu alimhitaji na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjadili.

Jioni nyingine alipitia kwa Kiambi kumpa habari. Kiambi alikuwa akimwuliza juu ya kila ng'ombe kwa jina, mguu wake ukiwa juu ya kiti, na wakimaliza ng'ombe walirudia lile la sharti. Hakuna aliyeshinda. Mke wa Kiambi alisema afadhali redio.

Kiambi alirudi kazini mvua zikiwa zimekwisha, akitembea na gongo moja. Na katikati ya mwaka wa 1998 Karimi akamwambia meneja kwamba ana mimba.

Bwana Muthamia alimpongeza, akaenda kumwambia mwenyekiti, na mwenyekiti akaitisha mkutano. Karimi aliitwa akae nyuma. Mwenyekiti alisema hana ubaya na mtoto, watoto ni baraka, lakini hapa ndipo sote tulipoogopa. Mwanamke hawezi kupanda pikipiki na tumbo. Baadaye ataomba likizo ya uzazi, miezi miwili. Baadaye atakuwa na wa pili. Wafadhili walileta sharti lao wakarudi kwao, na sisi tumebaki na ng'ombe wanaolia. Alipendekeza nafasi hiyo ishikwe na kijana wa kiume kwa muda, na baadaye waone. Vichwa kadhaa viliitikia. Karimi aliona uso wake unapata moto. Alijua akifungua mdomo atalia, na akilia watakuwa wamepata hoja nyingine, kwa hiyo alishika magoti yake kwa ile mikono mikubwa, akatulia.

Aliyesimama ni Kiambi, gongo likigonga sakafu.

"Mimi nilikaa nyumbani miezi minne na plasta," alisema. "Mlinitumia mbuzi. Nani hapa aliitisha mkutano kujadili miguu ya wanaume?"

Mwenyekiti alisema mguu ni ajali, si kitu cha kulinganisha.

"Ndiyo, ni ajali. Hakuna aliyejua nitaanguka lini. Lakini mtoto tunajua mwezi atakaokuja. Kati ya hayo mawili, ni lipi rahisi kulipanga?"

Kiambi aliendelea polepole, akasema kwamba mtu asije akadhani amegeuka. Sharti halikumpendeza mwaka ule na halimpendezi leo. Anakubali pia kwamba mwanamume na mwanamke si sawa, kwa maana yeye hajawahi kubeba mimba na hana mpango huo. Lakini tofauti inayojulikana mapema si sababu ya kumfukuza mtu, ni sababu ya kupanga ratiba. Miezi minne Karimi alibeba mto mzima kwa ajili yake. Miwili yeye angeibeba, hata kwa gongo. Akaketi.

Hoja yake ilipitishwa, si kwa furaha. Lakini ilipitishwa, na Bwana Muthamia akaiandika vizuri, kwamba mtu yeyote wa ushirika akijua atakosekana kazini, aseme mapema, na mwenzake ashike. Hakutaja mwanamume wala mwanamke. Karimi alifikiri hiyo ndiyo kazi bora aliyowahi kuifanya meneja yule.

Nje, Karimi alimshukuru Kiambi, na bado sauti yake ilikuwa na kinyongo kidogo.

"Ningependa kama ningeyasema mwenyewe," alimwambia.

"Ungeyasema, wangesema unajitetea."

Wote wawili walijua kwamba ni kweli. Karimi hakufurahi kwamba ni kweli, na alimwambia hivyo, na Kiambi akasema hata yeye hajafurahi sana.

Tumbo lilipokuwa kubwa aliiacha pikipiki. Warsame, msafirishaji kutoka Meru mjini ambaye lori lake lilikusanya maziwa ya Kithima kila asubuhi, alimpa nafasi mbele, kando ya dereva, naye akawa anashukia boma baada ya boma na mtungi wake. Warsame alisema ofisi yake ya mjini inaendeshwa na binti wa dada yake, Khadra, na kwamba alimweka pale kwa sababu moja tu: wapakiaji wanamwogopa. Alisema kama kuna semina ya jambo hilo asialikwe.

Mtoto alikuja Desemba, msichana, mwenye mikono ya kawaida. Kiambi alishika pande zote mbili, akilalamika kwa kila aliyemsikiliza, na Karimi aliporudi alikuta ng'ombe wote wameandikwa kwa tarehe zao. Nyamu alikuwa akimpeleka mtoto kwa mama mmoja jirani na shule, akimchungulia wakati wa mapumziko. Mji mzima wa Ruiri ulijua, na Nyamu akaacha kujificha.

Katikati ya 1999 ushirika ulikuwa na uchaguzi wa kamati. Kiti kimoja kilibaki kati ya Veronicah na Mzee Kathuri, na uchaguzi ulikuwa wa mlolongo, kila mwanachama akijipanga nyuma ya mtu wake, mchana kweupe. Suala kubwa lilikuwa maziwa ya jioni. Ushirika ulinunua ya asubuhi tu, na hela hizo ziliingia kwa jina la mzee wa nyumba. Ya jioni yalikuwa ya akina mama, waliyauza walivyoweza, na mengi yaliharibika. Kathuri alitaka ushirika uyanunue na kumlipa mkononi aliyeyaleta. Veronicah, aliyekuwa na wateja wake wa jioni pale sokoni Ruiri na hakutaka kushindana na ushirika, alikuwa anapinga.

Karimi alitembea mbele ya watu wote, mtoto mgongoni, akasimama nyuma ya Mzee Kathuri.

Mnong'ono ulipita uwanjani. Kiambi, ambaye tayari alikuwa nyuma ya Veronicah, alimtazama ng'ambo ya ile nafasi iliyokuwa kati ya mistari, akafungua mikono kama mtu anayeuliza. Karimi alifungua yake vilevile. Wanawake kadhaa waliokuwa wanasitasita walimfuata Karimi, wengine wakabaki walipo, na walipohesabiwa Veronicah alishinda kwa watu wachache sana.

Veronicah alimnunia wiki kadhaa. Ng'ombe wake alipolia alimwita Kiambi, ingawa alikuwa upande wa mto wa Karimi. Siku Kiambi alipokuwa na homa, ilibidi amwite Karimi, na walipokuwa wote wawili nyuma ya ng'ombe, Veronicah alimwuliza mwanamke anawezaje kumwacha mwanamke mwenzake. Karimi alimwambia kwamba hakumwacha mwanamke, aliyachagua maziwa ya jioni. Veronicah alifikiri. Alisema bado ana hasira. Akaleta chai.

Kathuri alikuwa ameshindwa lakini hoja yake ilibaki: kamati ilianza kuyanunua maziwa ya jioni kabla ya Krismasi, na Veronicah alikuwa wa pili kuyapeleka.

Jioni hiyo ya kwanza, wakifunga mitungi, Kiambi alimweleza Karimi kwa nini alimpigia kura Veronicah. Alisema kamati ile yote ilikuwa ya wanaume na wanapiga kelele moja, na alitaka sauti nyingine mle ndani, hata kama ni ya kukosea. Karimi alimwambia kwamba hilo ndilo sharti lenyewe, lile alilolikataa miaka yote. Kiambi alikana. Alisema sharti ni kulazimishwa, na yeye hakulazimishwa, alichagua. Karimi akauliza kama angewahi kuchagua hivyo bila kwanza kulazimishwa kufanya kazi na mwanamke. Kiambi alivaa kofia yake, akasema hilo atalijibu kesho, na wakatoka, kila mmoja akishika upande wake wa mto.